Kipande cha Misikhu

Maonyesho ya kilimo ya Kitale yalikuwa yamejaa watu hadi vumbi likakosa pa kutua. Upande mmoja ng'ombe wa maziwa walikuwa wakitembezwa wamechanwa manyoya kama maharusi. Upande wa pili vipaza sauti vya wauza mbegu vilikuwa vikishindana kwa makelele. Katikati, ndani ya hema la ushirika mmoja wa nyumba uitwao Mwamba, ilisimamishwa nyumba nzima ya mbao nyembamba: sebule, vyumba viwili vya kulala, jikoni, na dirisha lenye pazia la maua. Watu walipanga foleni kuiona. Waliingia wakicheka, na wengi wakatokea mlango wa nyuma wamenyamaza, kwa maana walikuwa wamepata hamu ya kitu wasichokuwa nacho.

Bilha Wakiuru alikuwa ametoroka kidogo kwenye kibanda cha duka la mbegu na dawa za mifugo alikoajiriwa. Alikuwa na sketi ya kijani iliyomkaa vizuri kiunoni, fulana nyeupe yenye nembo ya duka, na raba nyeupe ambazo vumbi lilikuwa limezitia rangi ya chai. Hakusimama sebuleni kama wengine. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akaufungua mfereji wa sinki. Kimya. Akaufungua zaidi.

"Usijisumbue, madam," sauti ya mwanamume ikasema kutoka nyuma ya mlango. "Hiyo haijaunganishwa. Hata hii swichi ni ya uongo. Nimeibonyeza mpaka kidole kikachoka."

Bilha akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, na bisibisi imechomekwa mfuko wa kifuani pale ambapo watu wengine huweka kalamu.

"Kwa hivyo tumepanga laini kuona nyumba haina maji na haina stima," Bilha akasema.

"Si ndio kama yenye nakaa Bungoma, bana. Tofauti ni hii hawaniitishi kodi."

Bilha alicheka kabla hajajizuia. "Wewe ni fundi?"

"Wa stima. Kizito Wakhungu. Kwetu ni Misikhu. Na wewe unauza mbegu, naona hapo kifuani."

"Unaangalia nini kifuani?"

"Nembo, madam! Naangalia nembo!"

"Nyinyi wawili mmehamia?" mama mmoja akafoka kutoka sebuleni, mtoto mgongoni. "Wengine pia tunataka kuona jiko!"

Wakatoka wakisukumana kwa kicheko. Nje ya mlango wa nyuma alikuwa ameketi Rispah, mshauri wa ushirika, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Aliwatazama kwa zamu.

"Bwana na bibi?"

"Bado," Kizito akajibu.

Jibu gani hilo? Angeweza kusema "hapana", angeweza kusema "tumekutana tu". Lakini kijana alisema "bado", tena bila kupepesa macho, na neno hilo likamfuata Bilha hadi kibandani, likakaa naye jioni nzima akimpimia mzee mmoja dawa ya kupe.

Kabla hawajaachana pale hemani, Rispah aliwaeleza kwa ufupi. Mwamba walikuwa wakijenga nyumba halisi nje ya mji wa Bungoma, kwenye barabara ya kwenda Chwele. Mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na upendeleo wake: ushirika ungemwongezea sehemu ya malipo ya mwanzo, ungempunguzia riba, na ungemlipia wakili. Masharti yalikuwa kuweka akiba bila kuruka mwezi na kuhudhuria mafunzo ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Bungoma.

"Mafunzo ya nini?" Kizito akauliza. "Kununua si kununua tu?"

"Kijana," Rispah akasema, "nimeona watu wakinunua hewa. Njoo usome."

Walikwenda kusoma. Jumamosi ya kwanza Bilha alijiambia anafuata nyumba. Jumamosi zilizofuata aliacha kujidanganya. Kizito alikuwa akimngoja kwenye lango la kanisa na chapati mbili ndani ya gazeti, na kila mara moja ilikuwa imeng'atwa pembeni.

"Ni panya," angesema.

"Panya anavaa shati ya bluu?"

"Panya wa Bungoma ni wasafi, switi. Si kama wenu wa Kitale wanashinda kwa mahindi."

Simu nazo zikawa hazikauki. Kizito alimpigia akiwa juu ya ngazi, akiwa darini mwa mtu, akiwa amekaa kwa fundi viatu mguu mmoja wazi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini? Usiniambie ni waru, vile viazi vyenu. Nyinyi mkiachwa mtaweka waru hata kwa chai."

"Na nyinyi mtachinja kuku hata mtu akipiga chafya."

"Chafya ni mgeni, mpenzi. Mgeni lazima akule."

Hapa inafaa nieleze jambo moja, asije mtu akadhani Bilha alipenda nyumba kuliko mtu. Baba yake, mzee Gachanja, alinunua shamba mahali paitwapo Kwanza pamoja na ndugu zake, na mipaka haikuwahi kukubaliwa. Kila msimu ndugu mmoja alikuja kusimama uani na kusema hapa ni kwake, jiandaeni. Mama yake Bilha alichoka kujiandaa. Akafunga vikombe vyake vizuri vya arusi ndani ya katoni, akaisukuma chini ya kitanda, na familia ikanywea chai kwenye vikombe vya mabati mpaka watoto wakawa watu wazima. Siku Bilha alipokwenda kupanga chumba Kitale, mama yake alimpa katoni ile, imefungwa kwa kamba ya katani. "Utafungua ukifika kwako," alimwambia. Bilha alikuwa amehama vyumba vingi tangu hapo, na katoni amehama nayo vilevile ilivyofungwa.

Kizito alipoisikia hadithi ile hakufanya mzaha wowote. Jumamosi iliyofuata alimpeleka kwenye ujenzi wa Mwamba, akamwonyesha nyumba ya pembeni kabisa ambayo kuta zake zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Akamsimamisha mahali pa dirisha la jikoni. Mlima Elgon ulikuwa pale mbele, bluu, na kofia yake ya mawingu.

"Vikombe utaviweka hapa," akasema, akipiga ukuta kwa kiganja. "Mimi nitakuwekea taa juu yake. Na swichi ya ukweli."

"Kizito."

"Nini?"

"Hiyo 'bado' yako imeisha?"

Alimtazama, akavua kofia yake ya kazi, akaishika kama mtu aliye mbele ya chifu. "Imeisha. Nitatuma wazee kwenu Pasaka ikipita."

*

Kuna Jumamosi moja Kizito hakuja mafunzoni, kwa sababu transfoma ya hospitali fulani ililipuka na kila fundi akaitwa. Siku hiyo Rispah alifundisha ni nani anayehesabiwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Alisema ni mtu ambaye hajawahi kuwa na nyumba wala ardhi kwa jina lake. Alisema pia kwamba mume na mke, au wachumba ambao wazee wao wameshakaa pamoja, Mwamba huwahesabu kama mtu mmoja, hivi kwamba mmoja akiwa na shamba, wote wawili wanalo. Bilha alisikiliza, akaona kwamba halikuwa jambo lao. Yeye hakuwa na hata ploti. Kizito alikuwa mtoto wa mwisho wa nyumba ndogo ya mzee Barasa, na baba yake alikuwa hajamsemesha vizuri tangu alipoacha chuo cha ualimu akashika bisibisi. Alipomsimulia Kizito somo la siku hiyo, sehemu hiyo hata hakuitaja.

Wazee wa Misikhu walifika kwao Bilha, huko Kwanza, Jumamosi baada ya Pasaka. Bilha alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa na kilemba cha kitambaa hichohicho, na shangazi zake wakamzunguka wakimvuta huku na kule. Uani palinukia mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa na nyama ya mbuzi. Mama yake alikuwa ameazima vikombe kwa akina mama wa kanisa. Wageni waliketi mstari mmoja, na mzee Barasa katikati, mwembamba, koti la kijivu lililokuwa kubwa kumshinda, kofia magotini.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mizaha ilipigwa, soda zikanywewa. Ndipo mzee Gachanja akauliza swali ambalo kila baba huuliza siku hiyo.

"Sasa, huyu msichana wetu mtamweka wapi?"

Walikuwa wamepanga kwamba msemaji wao, mjomba Nyongesa, angejibu kuhusu nyumba ya Mwamba. Nyongesa akafungua kinywa, lakini mzee Barasa akawa ameshasimama.

"Nyongesa, kaa," akasema. "Hiyo nitajibu mimi. Ndugu zangu, nimesikia hawa watoto wanataka nyumba ya mkopo. Nyumba ya mkopo ni sawa. Lakini mimi siwezi kuja kwa watu kuchukua msichana, niseme ati mtoto yangu hana mahali. Nimemkatia Kizito kipande kule Misikhu, upande wa mto. Na sijasema kwa mdomo tu. Nimeenda kwa ofisi ya mashamba, nimemaliza kila kitu, jina yake iko." Akatoa hati ndani ya koti, akaiinua juu ili hata wapishi waione. "Leo nafulahi sana."

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Shangazi walishika nyonga wakacheza. Mzee Gachanja alisimama akamkumbatia mwenzake, kwa kuwa alijua vema maana ya mtu kukatiwa kipande chenye mpaka. Kizito alikuwa ameinamisha uso, na mabega yake yalitikisika. Baba yake alikuwa amemwita mtoto wake mbele ya watu.

Bilha alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Maneno ya Rispah yalimrudia yote, moja baada ya jingine. Bila upendeleo wa mara ya kwanza, akiba yao isingefikia hata malipo ya mwanzo. Aliona dirisha la jikoni, aliona mlima, aliona vikombe. Alitaka kupaza sauti aseme subirini, lakini aseme nini? Amwambie mzee mbele ya ukoo mzima kwamba ardhi yake ni hasara? Birika likamwelemea, akalishusha chini, akaingia ndani, akakaa juu ya gunia la mahindi. Wote walipiga vigelegele isipokuwa bibi arusi. Na Kizito alipoinua uso wake wenye machozi ili amtafute, alikuta mlango mtupu.

*

Kizito alipiga simu jioni ileile, wakiwa njiani kurudi, wamefika Kiminini.

"Mbona ulienda ndani?"

"Kizito, tuongee kesho."

"Tuongee leo. Watu wangu wote waliona. Mzee aliniuliza, ati huyo msichana anaumwa?"

Bilha angengoja. Angepanga maneno. Lakini alikuwa amelia tangu mchana na kichwa kilikuwa kinamgonga, basi akaropoka. "Hilo shamba la baba yako limetuharibia kila kitu!"

Upande wa pili akasikia utingo akiita abiria wa Webuye.

"Unajua," Kizito akasema polepole, "mzee yangu alikuwa hajanipea hata jembe. Leo amenipea mchanga. Na wewe unasema imeharibu."

"Si hivyo, sikiza..."

"Ni ndogo sana? Ni ya mashambani sana? Sema."

"Kizito, si hivyo!"

"Basi lala salama, Bilha." Hakumwita switi. Simu ikakatwa, na alipompigia tena akakuta imezimwa.

Siku zikapita. Naye Bilha ana kichwa chake. Alisema kama hataki kusikia, shauri yake. Aliuza mbegu, alirudisha chenji kimakosa, alimkaripia mteja aliyeuliza bei tu. Usiku aliitazama katoni chini ya kitanda. Kama kuna mtu aliwahi kukasirika na kupenda kwa wakati mmoja, basi anajua chakula kilikuwa na ladha gani wiki zile.

Mafunzo ya mwisho yalikuwa mwishoni mwa Mei. Bilha alikwenda kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kutokwenda. Hapakuwa na mtu langoni na chapati. Kizito aliingia amechelewa, akaketi safu ya mbele upande ule mwingine, shingo imekakamaa. Rispah alikuwa akirudia masomo yote kwa haraka, na alipofika kwenye somo la mnunuzi wa mara ya kwanza, Bilha akainua kichwa.

"Narudia hii, kwa sababu kuna wenye walikosa," Rispah akasema. "Ukiwa na ardhi kwa jina yako, hata robo ekari, hata kama ni mzazi amekupea, wewe si wa mara ya kwanza tena. Na mchumba wako pia, kama wazee wamekaa."

Shingo ya Kizito ikalegea. Aligeuka taratibu, akamtafuta Bilha kwa macho katikati ya watu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejigonga kwenye nguzo mchana kweupe.

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Kizito akamkabili.

"Ulijua?"

"Nilijua. Baba yako alipoinua hiyo hati, nilijua."

"Na mimi nikadhani unadharau mchanga wetu."

"Ningedharau aje, Kizito? Mimi nimekulia kwa uwanja hauna mpaka. Nilisikia wivu hata. Kisha nikaona dirisha letu linaenda."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga sana."

"Sana," akakubali. "Sasa nitafanya nini? Nikirudishia mzee shamba, nimemtemea mate. Kwetu mtoto akirudisha kipande, ni kama amesema huyu si baba yangu."

Bilha alimfuta vumbi begani ingawa hapakuwa na vumbi, wakasimama vile.

*

Kizito hakumwomba baba yake chochote. Alimweleza tu, na hata kueleza kulimchukua juma zima. Mzee Barasa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali machache, akaenda kulala mapema. Asubuhi alivaa lile koti la kijivu, akachukua hati, akamwambia mwanawe wafuatane hadi ofisi ya Mwamba, Bungoma. Bilha aliwakuta huko.

Mzee aliiweka hati mezani mbele ya Rispah, akaisukuma kwa vidole viwili.

"Mama, mimi ndio nilifanya makosa," akasema. "Nilidhani napea mtoto, kumbe namnyang'anya. Niandikie kwamba nimechukua shamba yangu. Wazee wenye walisikia nikimpea, nitawaita tena wasikie nikichukua. Haya, itakuwa yangu, si yake."

Rispah alivua miwani.

"Mzee, hata ukichukua, haisaidii. Sisi hatuulizi kama mtu ako na ardhi leo. Tunauliza kama amewahi kuwa nayo. Mara ya kwanza ikipita, imepita."

"Hata kama ni siku moja tu?"

"Hata kama ni siku moja."

"Na kama ni baba alifanya bila kuuliza?"

"Hata hivyo, mzee. Pole."

Mzee Barasa aliitazama hati yake kwa muda, kama kwamba ingeweza kumsaidia. Kisha akaikunja, akairudisha kotini, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa mkononi mwake wakati wote. Kizito aligeukia dirisha. Bilha alimshika mzee kiwiko wakati wa kushuka ngazi.

Ilibaki njia moja tu, na aliyeitaja ni Kizito mwenyewe, kwa simu, akiwa juu ya ngazi ya mtu.

"Ingia peke yako."

"Peke yangu aje?"

"Wewe huna ardhi. Akiba yako iko. Watakuuliza kama una mchumba, useme huna. Rispah anatujua, lakini anaandika tu chenye umejibu. Ukipewa ufunguo tungoje, kisha tuoane polepole."

"Unataka nikukane?"

"Kwa nusu dakika tu, switi. Nitakuwa nje, sitasikia. Haya tujaribu. Mimi ni Rispah." Akaifanya sauti yake nene. "Dada Bilha, una mchumba?"

"Si..." Bilha akaangua kicheko.

"Usicheke! Rispah hachekangi. Una mchumba?"

"Sina."

"Hata fundi mmoja mrefu, msafi, wa Misikhu?"

"Huyo simjui."

"Umesema haraka sana," Kizito akalalamika. "Hata hukufikiria!"

Wakacheka wote wawili.

*

Bilha alikwenda kwa Rispah siku ya Alhamisi mwezi wa Julai, nywele zimesukwa upya, sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikasimama. Kizito alibaki ng'ambo ya barabara, mbele ya mama muuza mahindi ya kuchoma, amevaa koti la kuazima kwa rafiki, sijui kwa nini, maana hakuitwa na mtu. Labda alitaka kuwa nadhifu siku ya kukanwa.

Rispah alimuuliza jina, kazi na umri, na Bilha akajibu. Alimuuliza kama amewahi kuwa na nyumba au ardhi, naye akajibu hapana.

"Umeolewa?"

"Hapana."

"Una mchumba ambaye wazee wamekaa?"

Bilha alikuwa na neno lake tayari. Lilikuwa fupi, na alilifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka likawa halina uzito. Lakini alipokuwa akifungua kinywa alimwona Kizito kupitia dirishani, akimchagulia hindi. Alikuwa akibonyeza punje kwa kidole, akirudisha moja, akichukua jingine, akibishana na mama wa watu, kwa sababu Bilha hakupenda lililoungua upande. Na nyuma ya Kizito alimwona yule mzee wa koti kubwa akisema leo nafulahi. Shangazi zake walimchezea nani siku ile? Mbuzi wale waliliwa kwa ajili ya nani?

"Ninaye," akasema.

Rispah aliweka kalamu chini. Akautazama mlango, akauona umefungwa. Akashusha sauti. "Bilha, masikio yangu siku hizi si mazuri. Sijakusikia. Ile nyumba ya pembeni bado iko. Nakuuliza tena, na ufikirie. Una mchumba?"

Alikuwa amefunguliwa mlango na mtu mwenye huruma, na alilijua hilo. Machozi yakaanza kumtoka, tena akiyachukia, kwa kuwa alilitaka lile dirisha. Alilitaka hata wakati ule akilipoteza.

"Ninaye," akarudia. "Anaitwa Kizito Wakhungu. Ni yule pale, amebeba mahindi."

Kizito alijua kabla hajavuka barabara, kwa jinsi alivyomwona akishuka ngazi.

"Umeshindwa," akasema.

"Nimeshindwa."

"Bilha, hilo dirisha ulikuwa umelipenda."

"Usiniambie juu ya dirisha!" Akamnyang'anya hindi, akaliuma kwa hasira, akatafuna huku analia. "Nilijaribu. Nilikuwa na hilo neno hapa, hapa kabisa. Halafu nikakuona unarudisha mahindi ya watu."

"Ilikuwa imeungua."

"Najua ilikuwa imeungua!"

Kizito akamvuta, akamshika kichwa kifuani mwa koti la kuazima, mbele ya waendesha bodaboda waliopiga mluzi. Naye alikuwa akilia. Alimlaumu? Kidogo, ndiyo, nyumba ni nyumba. Lakini angekuwa mwongo akisema kwamba moyo wake haukuruka kusikia ametajwa kwa jina.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ya mzee Barasa, na mzee huongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, basi Bilha alisikia kila neno.

"Kizito! Mmepata?"

"Tumekosa, baba."

"Basi mimi nilijua," mzee akasema. "Hiyo maneno ya Mwamba sikuamini tena. Leo asubuhi nimefanya kazi. Nimetoa mahindi yote kwa kile kipande, iko safi, mpaka kwa mto. Mkuje mpime nyumba yenu."

Kizito akafumba macho. "Baba, umetoa mahindi? Hayo ya kutoa ndevu?"

"Yote."

"Yalikuwa yamebaki mwezi mmoja tu yakomae!"

"Sasa nyumba mtaweka juu ya mahindi?" mzee akashangaa. "Nimepea ng'ombe, wamekula vizuri sana. Mkuje na kamba. Kamba lefu, Kizito, ya kupima vyumba mingi."

Bilha aliyekuwa akilia akaanza kucheka, akashindwa kuacha, akalazimika kuketi kwenye ngazi ya duka na kujishika mbavu. Mzee alikuwa amewapa tena. Alikuwa amechukua chakula chao cha mwaka mzima akawapa uwanja mtupu, kwa mapenzi yaleyale, bila kuuliza mtu, na hakuna aliyekuwa na shilingi ya kununulia hata tofali la kona.

Akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Baba," akasema. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Ni Bilha. Kuna mahali pa kuweka katoni?"

"Katoni ya nini, mtoto yangu?"

"Ya vikombe."

"Iko mahali," mzee akapaza sauti. "Wewe leta."

Kizito alifuta macho kwa mkono wa koti la rafiki yake. Mkopo hawakuwa nao, na sasa hata mahindi hawakuwa nayo. Bilha akasimama, akajipangusa sketi, akamkabidhi kipande cha hindi kilichobaki, kisha wakaenda kutafuta duka linalouza kamba.